Evodia na Msahihishaji Wake

Evodia Kitundu alifika Singida mjini kutoka Kinampanda akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, hana mume, hana mtoto, na mama yake ana wiki tano tu kaburini. Alikuwa na begi moja na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji. Barua aliipeleka kwa Bi Hanifa, mjane mwenye nyumba ya wageni nyuma ya stendi, akasimama kibarazani kusubiri isomwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kufua shuka unaweza?"

"Naweza."

"Wageni wa hapa ni madereva na wauza vitunguu. Wanachafua kwelikweli."

"Nimefua shuka za mgonjwa miaka sita, mama."

Bi Hanifa alimtazama, akaikunja ile barua bila kuimaliza. "Chumba chako kile pale, karibu na tangi. Kapumzike, kazi utaanza kesho."

Hakupumzika. Alianza siku ileile.

Nyumba ilikuwa na vyumba kumi na viwili. Zamani ilikuwa bweni la chama cha ushirika, watu wa pamba wakilala humo kwa kibali. Mashirika yalipoanza kuuzwa, marehemu mume wa Bi Hanifa akainunua, akaipaka rangi ya kijani, akaweka vyandarua na televisheni moja ukumbini. Asubuhi wageni walitoka mapema kuwahi mabasi. Kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana nyumba ilibaki tupu, shuka zikipigapiga kwenye kamba kwa ule upepo wa Singida usiochoka, na Evodia akibaki peke yake ukumbini na televisheni iliyozimwa.

Saa hizo ndizo zilizokuwa ngumu, na ugumu wake haukuwa wa huzuni. Huzuni angeijua. Tatizo lilikuwa kwamba hapakuwa na kitu. Mama yake alipigwa kiharusi akalala miaka sita, na kwa miaka hiyo sita Evodia alimgeuza, alimlisha uji kwa kijiko, alimwosha, alimpaka mafuta mgongoni asitoke vidonda. Siku mama alipokata roho, Evodia alikuwa uani anapepeta mtama. Shangazi alitoka ndani, mikono kichwani, akamwambia. Evodia akamaliza kupepeta ule uliobaki kwenye ungo, kisha akaingia ndani. Wanawake walilia, walianguka, walishikwa. Yeye aliuona uji wa mgonjwa bado uko jikoni, akauepua usiungue. Kaka yake, Manase, alimvuta pembeni.

"Watu wanakutazama, Evodia. Lia basi hata kidogo."

"Sina," alijibu, kama mtu aliyeombwa chumvi.

Hiyo "sina" ilizunguka kijiji kizima. Wiki tano baadaye aliondoka. Hakuna aliyemfukuza, ila hapakuwa tena na mtu wa kumgeuza wala kumlisha.

Simu alipewa na Bi Hanifa. Ilikuwa ya Kichina, ya laini mbili, ya kupokelea wageni wanaotaka kuweka nafasi. Miaka ile makampuni ya simu yaligombania wateja kama makondakta stendi: leo hili linatoa intaneti ya bure mpaka jioni, kesho lile linatoa mpaka asubuhi. Mgeni mmoja, mwanamke muuza mitumba, alimfungulia Facebook katika simu hiyo, akamwonyesha kurasa za hadithi. Watu waliandika hadithi ndefu vipandevipande, Sehemu ya Kwanza, Sehemu ya Pili, na chini yake wasomaji mamia wakaomba iendelee. Evodia alisoma miezi minne. Kisha siku moja mchana, shuka zikiwa zimeshaanikwa, akaanza kuandika ya kwake.

Aliiita "Mke wa Njiani." Ilimhusu dereva wa lori aitwaye Sultani, mwenye mke katika kila mji anaolala, na mke mmojawapo, Sara, anayekaa Singida asijue kuhusu wenzake. Evodia alizijua habari hizo bila kuuliza mtu. Kila asubuhi alitandika vitanda vya akina Sultani. Aliandika alivyosikia watu wakisema, na alivyoona wengine wakiandika mtandaoni. Sehemu ya kwanza ilikuwa hivi:

"xara akasikia hodi hakaenda kufungua mlango akuna mtu hakarudi kurara moyo wake unauma xana 2naomba mungu halisema"

Yote iliandikwa kwa pumzi moja, kutoka juu mpaka chini, bila nukta hata ya bahati mbaya. Hata hivyo watu waliisoma. Wiki ya tatu alikuwa na wasomaji mia moja na kitu. Waliandika, "Dada nimelia." Evodia alilitazama neno hilo kwa muda. Alikuwa amemliza mtu asiyemjua, huko aliko, huku yeye mwenyewe akiandika macho makavu na beseni la sabuni likimsubiri.

Alipoposti sehemu ya tisa, kulitokea maoni tofauti na mengine. Yalikuwa na nukta.

"Dada, hadithi hii ni nzuri, lakini inachosha macho. Nukta haziumi. Jaribu. Antipasi Chilongani, Dodoma."

Evodia alimwandikia inboksi. "nukta naweka wap kaka"

Jibu lilikuja baada ya nusu saa, na lilikuwa refu.

"Sentensi ikiisha, weka nukta. Ukishaweka nukta, herufi inayofuata iwe kubwa. Majina ya watu na miji yaanze kwa herufi kubwa siku zote. Usiandike x mahali pa s. Usiandike 2 mahali pa tu. Hiyo ni namba. Nitumie sehemu ya kumi kabla hujaiposti, nitakuonyesha."

Evodia alinunua daftari, akanakili humo kila alichoandikiwa. Kuanzia siku hiyo wakawa na utaratibu. Jumatatu mchana alimtumia sehemu mpya. Jumanne Antipasi aliirudisha imenyooshwa, na chini yake maelezo ya kila alichobadilisha. Ijumaa Evodia aliiposti.

Antipasi hakuwa mtu wa maneno matamu. Hakumuuliza kama ameolewa, hakumwomba picha. Aliandika kama mtu anayefundisha kufunga injini.

"Leo ni herufi h. Unaandika 'akuna mtu', halafu unaandika 'hakaingia ndani'. H umeitoa inapotakiwa, ukaipeleka isipotakiwa. Anayekataa au asiyekuwepo ana h: hakuna, hakuja, hataki. Anayefanya jambo hana h: akaja, akaingia, akakaa. Andika kila moja mara ishirini."

Aliandika kila moja mara ishirini.

"Leo ni mazungumzo. Mtu akianza kusema, fungua semi. Akimaliza, funga semi. Mwingine akijibu, shuka mstari mpya. Hivi sasa Sultani na mkewe wanagombana ndani ya mstari mmoja, na sijui nani kampiga nani."

"Leo ni r na l. Sema neno polepole kabla hujaliandika. Kula ni chakula. Kura ni uchaguzi. Sara wako kila siku anapiga kula."

"Leo ni wakati. Umeanza na 'alikuwa', katikati umehamia 'anakuwa', mwisho umerudi 'alikuwa'. Msomaji hajui kama mambo yamekwisha au bado yanaendelea. Chagua, kisha shikilia ulichochagua."

Na hakuishia kwenye sarufi. Alimfundisha namna ya kuigawa hadithi. "Wenye simu ndogo hawawezi kufungua sehemu ndefu. Iishie maneno mia saba, mia nane. Andika jina la hadithi na namba ya sehemu juu kabisa, mtu aliyechelewa ajue pa kuanzia. Posti siku zilezile, saa zilezile. Msomaji ana mambo yake, usimfanye akutafute. Na usikate sehemu katikati ya sentensi ukidhani ndiyo utamu. Maliza sentensi. Mwache mtu mlangoni."

Evodia alimwacha Sara mlangoni, akamwacha Sultani mlangoni, akamwacha mpaka mama mkwe mlangoni. Wasomaji wakafika mia tatu. Kama alifurahi, hakujua. Alijua tu kwamba kutoka saa nne mpaka saa nane sasa kulikuwa kunapita.

Mwezi wa nane Manase alipiga simu: mwaka wa mama umefika, wanajengea kaburi, aje. Evodia akaomba ruhusa ya siku mbili, akapanda basi. Ndugu walikuwa wamekusanyika, fundi amekwisha kusakafia, na kwa ncha ya msumari alikuwa anaandika kwenye saruji mbichi. Wanawake walianza wimbo wa kanisani. Shangazi akaanza kulia, na kilio kikashika mmoja hadi mwingine. Evodia alisogea mpaka miguuni pa kaburi, akainama, akasoma.

"Fundi," alisema, "umeandika 'kuzariwa'. Ni kuzaliwa. Weka l."

Fundi alimtazama Manase. Manase akatazama pembeni.

"Saruji bado mbichi," Evodia alisema. "Inafutika."

Fundi akachukua mwiko, akalainisha mahali pale, akaandika upya. Evodia akasoma tena yote kuanzia jina, herufi kwa herufi, akatikisa kichwa kukubali. Hapakuwa na kosa lingine. Walipokuwa wakirudi nyumbani kula, Manase alimfikia njiani.

"Yaani umetoka mjini kuja kusahihisha kaburi?"

"Ingekauka vile," Evodia alisema.

"Mama yetu yule, Evodia."

"Najua."

Manase alingoja aseme na jingine. Hakuwa nalo. Alitamani awe nalo, hata la kumdanganyia kaka yake, lakini alipotafuta ndani yake alikuta mahali pamefagiwa. Kesho yake alirudi Singida kwa basi la kwanza, na mchana alikuwa anafua.

Sehemu ya ishirini na mbili aliiposti Ijumaa kama kawaida. Jioni alikuta maoni ya mwanamke aitwaye Luciana, wa Ihanja, ambaye hakuwahi kumwona kwenye ukurasa wake.

"Dada acha wizi. Hadithi hii ni ya kaka Antipasi. Tumeshaisoma kwake tangu Jumatano. Usione mtu kaandika kwa akili yake ukaja kunakili."

Chini ya Luciana wengine saba walikubaliana naye. Mmoja alikuwa ameweka anwani ya ukurasa wenyewe. Evodia akaifungua.

Ukurasa uliitwa Kalamu ya Chilongani. Ulikuwa na wafuasi elfu kumi na moja. "Mke wa Njiani" ilikuwepo yote, kuanzia ya kwanza mpaka ya ishirini na mbili, na juu ya kila sehemu pameandikwa: Mtunzi, Antipasi Chilongani. Zile sehemu tisa za mwanzo, zilizokuwa na x na 2 na h za kupotea, huko zilikuwa safi kama shuka mpya. Evodia alizisoma. Ndiyo mara ya kwanza aliona Sara wake anavyopaswa kusimama. "Sara alisikia hodi. Akaenda kufungua mlango. Hakukuwa na mtu. Akarudi kulala."

Sasa alielewa kilichotokea. Alipeleka Jumatatu, Antipasi akaposti kwake Jumatano, yeye akaposti Ijumaa. Kwa tarehe, mwizi alikuwa ni yeye. Angeweza kuwaambia watu watazame zile tisa za mwanzo, alizoposti kabla hajamjua Antipasi. Lakini zilikuwa zimejaa makosa, na watu hawaamini kwamba aliyeandika vibaya ndiye aliyeandika kwanza.

Bi Hanifa alimkuta ameketi ukumbini na simu mkononi.

"Kuna nini? Umepata habari mbaya?"

"Hapana, mama. Kuna mtu kachukua kitu changu."

"Mgeni?"

"Si mgeni. Mtu wa Dodoma."

"Kitu gani?"

Evodia aliizima simu. "Si cha humu ndani, mama."

Bi Hanifa alimtazama uso, akitafuta hasira au machozi ajue la kusema. Alipokosa vyote viwili, akaenda kuswali magharibi.

Evodia aliingoja hasira kama mtu anavyongoja basi, akiwa na hakika kwamba itafika, maana hufika kwa kila mtu. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita, Jumapili akaenda kanisani akarudi. Haikuja. Jumatatu mchana alifungua daftari lake. Kulikuwa na jambo la "alipokuja" na "akija" ambalo bado hajalielewa. Antipasi alikuwa amelianza wiki iliyopita, akaliacha nusu. Evodia akamtumia sehemu ya ishirini na tatu, na chini yake akauliza, "Kaka, hapa nimeandika 'Sultani akija nyumbani Sara alilia.' Ni sahihi?"

Jumanne jibu likaja. "Si sahihi. 'Alipokuja' ni siku moja, nayo imekwisha kupita. 'Akija' ni kila anapokuja, au kama atakuja. Kwa hiyo: Sultani alipokuja nyumbani, Sara alilia. Au: Sultani akija nyumbani, Sara hulia. Fikiria unataka alie mara moja au kila mara."

Evodia alifikiri. Alitaka alie kila mara.

Wakaendelea hivyo. Jumatano Antipasi aliposti, Ijumaa Evodia aliposti, na chini ya kila sehemu ya Evodia watu walimtukana. Wachache waliomzoea tangu mwanzo walimtetea, wakachoka, wakanyamaza. Yeye alisoma matusi yote na kuona humo vilevile makosa ya h. Hakumjibu mtu. Kila wiki, sehemu aliyotumiwa kutoka Dodoma ilikuwa na maelezo machache zaidi. Kutoka makosa kumi na tano yakawa tisa, yakawa manne. Sehemu ya thelathini ilikuwa na mkato mmoja uliosogezwa.

Sehemu ya thelathini na moja ilirudi kama ilivyokwenda. Antipasi alikuwa ameandika sentensi moja tu: "Sina cha kusahihisha."

"Asante kaka," Evodia alijibu.

Jumatatu iliyofuata hakumtumia kitu. Ijumaa akaposti sehemu ya thelathini na mbili, ambayo hakuna mtu mwingine aliyeiona kabla.

Ukurasa wa Dodoma ukakwama. Jumatano ya kwanza Antipasi aliwaambia wasomaji ana mafua. Ya pili akaandika sehemu yake mwenyewe, ambamo Sultani anapata ajali na kutubu kwa sentensi zilizonyooka kabisa, na wasomaji wakamuuliza kama kweli ni yeye aliyeandika. Wengine walianza kuvuka kwenda kwa Evodia kutafuta muendelezo, wakakuta upo. Inboksi, Antipasi aliandika mara tatu. "Dada, mbona kimya?" Kisha, "Unaumwa?" Kisha, "Naomba tuzungumze." Evodia alizisoma zote. Hakujibu, na hakuwa na kinyongo. Hakuona swali lililohitaji jibu.

Alikuwa anaanika shuka, saa saba mchana, mzee mmoja alipoingia kwa lango la nyuma. Alivaa koti la suti lililochakaa mabegani na miwani mizito, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.

"Shikamoo," Evodia alisema.

"Marahaba. Naulizia chumba."

Akamwingiza ukumbini, akamfungulia kitabu cha wageni. Mzee aliandika polepole, herufi zimesimama wima kama zimechapwa. Jina: Antipasi Chilongani. Atokako: Dodoma. Kazi: Msoma prufu (mstaafu). Evodia akalisoma jina, akachukua ufunguo wa chumba cha tano.

"Wewe ndiye Evodia," mzee alisema. "Namba ya nyumba hii iko kwenye ukurasa wako."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye..."

"Nimeona jina."

Akampeleka chumbani, akafungua dirisha, akamwonyesha taulo na sabuni. Mzee aliketi kitandani, mfuko mapajani. Alionekana kama mtu aliyejiandaa safari nzima kupokea kofi, na sasa kofi halimfikii.

"Umekuwa ukiniita kaka," alisema. "Ningekuambia umri wangu, usingeniandikia."

"Ningekuandikia."

"Uligundua lini?"

"Sehemu ya ishirini na mbili."

Antipasi alihesabu kimyakimya. "Ukanitumia nyingine tisa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa hujamaliza kunifundisha."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Kisha akaanza kusema bila kumtazama. Alikuwa msoma prufu, mtu wa kukagua makosa kabla kitabu hakijachapwa, katika kiwanda cha uchapaji cha shirika kwa miaka ishirini na mbili. Vitabu vya shule, hotuba, riwaya, kalenda, vyote vilipita mezani kwake. Walipoletewa mtu aliyeandika vibaya, walimwita Antipasi. Aliyapanga maneno ya mtu huyo mpaka yakawa ya kusomeka, mtu akapigwa picha na kitabu chake. Kiwanda kilipouzwa, mmiliki mpya alileta kompyuta na vijana wawili. Antipasi alirudi nyumbani akiwa na miaka arobaini na tisa.

"Hakuna kitabu hata kimoja chenye jina langu," alisema. "Hata nyuma. Hata kwa herufi ndogo. Sehemu yako ya kwanza niliisahihisha kwa ajili yangu tu, mikono ilikuwa inawasha. Nilipomaliza, nikaona imependeza. Nikajiambia, sasa hii ni ya nani? Nikaweka jina. Nilidhani ni kwa siku moja."

"Zile tisa umezinyoosha vizuri," Evodia alisema.

"Nitukane basi!" Sauti ilimpanda ghafla. "Nimetoka Dodoma unitukane. Nimekuibia, watu wamekuita mwizi, mimi nimesoma yote, sikusema neno. Wewe unanionyesha taulo!"

Evodia alikuwa bado amesimama mlangoni. Alifikiri namna ya kumweleza mtu aliyepoteza nauli kufuata matusi ambayo hayapo.

"Nimeingoja hasira, mzee, haijaja," alisema. "Si wewe peke yako. Mama yangu alikufa, nikaepua uji. Tangu siku hiyo niko hivi. Ukinipiga, nitajua nimepigwa, lakini ndiyo hivyo tu. Sijui niseme nini zaidi."

Antipasi aliuweka mfuko kando. Nje basi la Mwanza lilipiga honi, na mpiga debe akapaza sauti.

"Ulimuuguza?" Antipasi aliuliza.

"Miaka sita."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Hakusema pole. Evodia aliona midomo yake inajiandaa kuisema, kisha ikaacha. Alimshukuru kwa hilo, kimoyomoyo, na akashangaa kidogo kwamba ameshukuru.

"Unataka nifanye nini?" mzee aliuliza.

"Andika jina langu."

"Watanitukana."

"Watakutukana siku mbili. Kisha watauliza sehemu inayofuata iko wapi."

Mzee akacheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi. Akafungua ule mfuko wa plastiki, akatoa rundo la karatasi. Alikuwa amezichapa sehemu zote thelathini na moja kwa mashine ya taipu, mistari imeachana vizuri, pembeni kuna nafasi. "Hizi nilikuwa nakuletea tangu mwanzo," alisema. "Ungenitukana au usingenitukana, ningekuachia. Na zilizobaki, naomba niendelee kukusomea."

"Hapana, mzee," Evodia alisema. "Nashukuru. Zilizobaki nitazisoma mwenyewe."

Alimletea wali na maharage saa moja jioni, akala akamaliza. Asubuhi alipoingia kutandika, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, pembe zimekunjwa sawasawa, na rundo la karatasi liko juu ya mto.

Antipasi alifanya alichoombwa. Jumatano ukurasa wake ulikuwa na tangazo: Hadithi ya "Mke wa Njiani" imeandikwa na Evodia Kitundu wa Singida, na kusahihishwa na Antipasi Chilongani. Nilikosea kuweka jina langu peke yake. Evodia aliliona lile "na kusahihishwa" na akaliacha, lilikuwa kweli. Watu walitukana, kweli siku mbili. Luciana wa Ihanja alimwandikia Evodia, "Samahani dada, nilidanganyika na nukta." Siku ya tatu wakauliza sehemu ya thelathini na nne.

Aliimaliza hadithi katika sehemu ya arobaini na moja. Sara hakumfukuza Sultani, wala Sultani hakutubu. Sara aliwafungia safari wake wenzake, mji kwa mji, akawaona wote, akarudi nyumbani akaanza kuuza mafuta ya alizeti. Wasomaji wengi walikasirika. Walitaka dereva afe. Evodia aliwajibu, kwa mara ya kwanza, mmoja mmoja, kwa herufi kubwa na nukta: "Hakufa."

Mwisho Bi Hanifa akazisikia habari hizi, maana wageni wawili walimuuliza kama ni kweli mwandishi anafua shuka hapa. Alimwita Evodia kibarazani, akamwekea kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Macho yangu hayawezi tena herufi ndogo," alisema. "Nisomee hiyo ya mwanzo."

Evodia alileta karatasi za Antipasi, akasoma. Walipofika sehemu ya nne, Bi Hanifa akaanza kufuta macho kwa mtandio, akisema ni vumbi, na kweli upepo ulikuwa unaleta vumbi. Evodia alingoja apumue, akaendelea. Sauti yake ilikuwa ileile kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, tambarare, lakini kwenye kila nukta alisimama.

"Kesho," Bi Hanifa alisema, "shuka atakusaidia kufua mtu mwingine. Wewe kuanzia saa nne unisomee."

"Sawa, mama," Evodia alisema, akakusanya karatasi, akazipanga kwa namba, akaenda kuanua.